Kilio cha Wimbo wa Mwisho

Pasi ilitua juu ya mkono wa Radi, na mkono haukuruka.

Dada yake alinusa kwanza. Alikuwa upande wa pili wa meza akikunja shuka za nyumba ya wageni, akadhani kola ya mtu imeungua. Alipoinua macho alimwona mdogo wake amesimama vilevile, mkono mmoja umeshika shati, mwingine umebonyeza pasi juu ya ule wa kwanza, na kichwa kinatikisika taratibu kufuata ngoma zilizotoka kwenye deki.

"Mkono, wewe! Mkono!"

Radi aliangalia chini. Aliiondoa pasi bila haraka, kama mtu anayehamisha kikombe. "Ah," alisema. "Nilikuwa nasikiliza."

Ngozi ilikuwa imebaki kwenye pasi. Dada alimmwagia maji, akampaka dawa, akamfunga kitambaa, huku akimgombeza. Radi alimwachia mkono kama mtu anayekuachia koti lake umshikie. Hakukunja uso hata kidogo.

Walikuwa wawili tu katika duka lile la dobi, tangu mama yao alipofariki na kuwaachia mashine za kufulia, meza ya kupigia pasi na wateja wasiokumbuka kuchukua nguo zao. Kazi ilikuwa ya joto na ya kujirudia, na kilichowavusha siku ni muziki. Walipenda metali, tena ile ngumu kabisa, yenye magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga kelele kama anayefukuzwa. Wateja waliuliza kama kuna mtu anauawa huko nyuma. Radi aliwajibu kwa adabu, "Hapana, mama. Huyo anaimba mapenzi."

Adhuhuri alikuja Fundi, aliyetengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara. Alikuja na chakula chake kwenye kopo, na wote watatu walikula wakibishana. Fundi ndiye aliyembandika Dada jina la Sindano, maana kila albamu waliyoisifu yeye aliitoboa.

Wiki ile ubishi ulikuwa juu ya *Tanuri*, albamu mpya ya bendi iliyojiita Kutu. Fundi alikuwa na sidii yake aliyoinunua dukani. Radi aliipata ya kwake kwa muuza vitu vilivyotumika, haina kasha wala karatasi.

"Hawajawahi kufanya kazi bora kuliko hii," Radi alikuwa amesema, siku moja kabla ya kuungua.

"Yule anapiga kelele bila kuumwa," Dada alijibu. "Mtu aliyeungua na mtu anayeigiza kuungua hawalii sawa. Huyu anaigiza."

"Dada, wewe hata ukipelekwa peponi utasema mlango unakwaruza."

Fundi alicheka hadi akapaliwa. Wimbo uliisha, na katika ule ukimya kabla ya wimbo mwingine kuanza, mtu aliuliza kwa sauti ya chini, "Bado?"

"Bado sana," Dada alisema. Alidhani Radi anauliza habari za mashati. Lakini mdomo wa Radi ulikuwa umejaa chakula, na pale karibu na deki palinuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi.

Siku iliyofuata ndipo pasi ilipotua.

Na adhuhuri ya siku hiyohiyo, Radi akiwa amefungwa mkono, walipoipiga tena ile sidii, Dada aliacha kukunja shuka. Kelele ya mwimbaji ilikuwa imebadilika. Ilianza juu, ikakatika, ikarudi ikiwa imepasuka katikati, kama ya mtu ambaye ngozi yake imebaki kwenye kitu cha moto.

"Leo anaumwa," alisema polepole.

"Hii siyo," Fundi alisema. "Mimi hii ninayo. Haiko hivi."

"Spika zako za kopo, kaka," Radi alimwambia.

Fundi alivuka barabara, akaleta ya kwake, wakaitia kwenye deki ileile. Ilikuwa kama Dada alivyoisikia mwanzo: kelele kubwa, safi, baridi. Wakarudisha ya Radi. Nywele za mikono zikawasimama.

"Basi yangu ni toleo la pekee," Radi alisema, bila furaha yoyote usoni. "Sasa sema, Sindano. Nzuri au si nzuri?"

Dada hakujua kusema uongo juu ya muziki. Lilikuwa jambo la pekee ambalo hakuwahi kulionea haya. "Maumivu yapo," alisema. "Lakini hakuna woga. Magitaa yanakimbia, ila hayakimbii kitu."

"Bado?" iliuliza sauti.

Safari hii Fundi aliacha kutafuna. "Nani kasema?" alinong'ona.

Jioni ile walikuwa wakivuka barabara na mafurushi ya shuka. Lori lilikata kona kwa kasi, honi ikalia, Dada akaruka pembeni, mafurushi yakamwagika. Radi aliendelea kutembea. Lori lilisimama limekaribia kifua chake kiasi kwamba vumbi la bampa lilimchafua shati. Dereva alishuka akitukana. Radi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainama kuokota shuka.

"Hukuliona?" Dada alimuuliza.

"Nililiona."

"Basi mbona hukuruka?"

Radi alifikiri, kama mwanafunzi aliyeulizwa somo ambalo hakufundishwa. "Sijui. Sikuona sababu."

Dada hakulala vizuri. Asubuhi aliizima deki, akaapa kwamba hatatoa maoni yoyote tena. Lakini Radi aliiwasha aliporudi kutoka kuanika, na magitaa yalikimbia, na sasa yalikimbia kitu, na kitu hicho kilikuwa kimekaribia. Dada aliziba masikio kwa mashati mabichi. Wimbo wa mwisho ulipofika, ulimpata hivyohivyo. Ulikuwa wimbo wa mazishi. Hakusema neno. Aliwaza tu, kabla hajajizuia, kwamba ni mazishi ambamo hakuna aliyekufa.

Hiyo ilitosha.

Mchana Radi alilitoa gauni la mama yao kwenye ndoano nyuma ya mlango, lile ambalo hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifua, akalitumia kukaushia maji yaliyovuja chini ya mashine. Kisha akalitupa kwenye kapu la matambara.

"Radi. Hilo ni la mama."

"Ni kitambaa," alisema. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali, Dada angeshukuru.

Na deki ilipofika wimbo wa mwisho, nyuma ya ngoma kulikuwa na mtu analia. Dada aliijua sauti ile. Ilikuwa ya Radi, siku waliyomzika mama, alipolia mpaka akakaukiwa sauti na Fundi akamshika mabega ili asianguke.

Walikuwa na shangazi, dada wa marehemu baba yao, ambaye kazi yake ilikuwa kupunga majini. Alikaa ghorofa ya juu kabisa katika jengo lisilo na lifti, akipokea wagonjwa sebuleni mwake, televisheni ikiwaka bila sauti. Kesho yake Dada alimpeleka Radi kwake. Shangazi alimwangalia kijana machoni, akamfinya sikio kwa nguvu, akaona hakuna kitu. Kisha akavaa hedifoni za Dada, akaweka mkoba mapajani, akaisikiliza *Tanuri* kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Kelele zote hizi," alisema alipozivua, "mnapenda wenyewe? Hakuna aliyewalazimisha?"

"Shangazi, tafadhali."

"Nauliza tu." Alizikunja hedifoni vizuri. "Wapo wanaoomba manukato. Wapo wanaoomba damu. Hao nawajua. Huyu ni msanii, mwanangu. Anataka kazi yake ikamilike, na yeye hana moyo wa kuutia ndani yake. Kwa hiyo anachota kwa anayempenda, na anamsikiliza anayemkosoa." Alimtazama Radi, kisha Dada. "Wewe ndiye unayemwonyesha pa kuchota."

Dada alihisi sakafu imeshuka kidogo. "Tuivunje hiyo sidii."

"Ukiivunja, unamvunja na huyu. Vitu vyake vimo humo."

"Nimwambie basi kwamba imekamilika."

"Ataacha kuchota. Lakini alichokwisha kuchukua kitabaki huko, na mdogo wako atabaki hivi." Radi alikuwa akitazama televisheni, mtu wa habari akifungua na kufumba mdomo. "Na usimdanganye. Wao ndio wanaodanganya watu."

"Sasa nifanye nini, Shangazi?"

"Mimi ningemfukuza, angeondoka na vyote. Lakini wewe anakuheshimu. Mwambie ukweli, mwanangu, kama unao."

Walirudi dukani jua likiwa bado kali. Dada alifunga mlango, akageuza kibao upande wa TUMEFUNGA, akamkalisha Radi juu ya furushi la mapazia. Alizing'oa pasi kwenye umeme. Kisha akawasha deki.

Kitu kilichomtia haya ni kwamba ilikuwa nzuri. Alisikiliza nyimbo zikipita, na kwa kuwa hakujua kujidanganya alijua kwamba hajawahi kusikia albamu kama ile, wala hatasikia tena, kwamba mwimbaji anaungua kweli na magitaa yanakimbia kweli, na ulipoingia wimbo wa mwisho na mdogo wake akaanza kulia ndani ya spika, huku mdogo wake huyohuyo amekaa mbele yake juu ya mapazia akijikuna goti, harufu ya kiberiti ilijaa chumba kizima, na pasi ambazo hazikuwa kwenye umeme zikaanza kutoa mvuke, moja baada ya nyingine, na pipa la mashine tupu likazunguka taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani, na mashati yote yaliyotundikwa juu ya vichwa vyao yakageuka kwenye hanga zao, kola mbele, kumwelekea yeye.

"Bado?" iliuliza sauti. Ilikuwa karibu sana na sikio. Ilikuwa na hamu.

"Ina kasoro," Dada alisema.

"Ipi?"

"Si yako. Hiyo ni sauti ya mdogo wangu, siku ya mazishi ya mama yetu. Na yale maumivu ni ya mkono wake. Umeiba. Mwimbaji akiniimbia cha wizi, siwezi kukihesabu kuwa kazi yake, hata kiwe kizuri namna gani. Ndiyo kasoro. Huwezi kuifuta kwa kuiba tena."

Pipa la mashine lilisimama. Dada aliona aibu ya mwingine ikitanda chumbani, nzito kama mvuke.

"Na cha kupewa?" sauti iliuliza hatimaye.

Alikuwa amelijua swali hilo tangu wakishuka ngazi za Shangazi.

"Cha kupewa ni chako," alisema.

"Nipe."

"Rudisha kwanza."

Radi alipiga kelele. Ilikuwa kelele ya mkono ulioungua siku mbili zilizopita na lori lililosimama kifuani, vyote vikimfika kwa mara moja. Alianguka kutoka juu ya mapazia, akajikunyata, akaita mama. Dada alitaka kumkimbilia. Lakini deni lilikuwa wazi, na kitu kile kilikuwa kinasubiri.

Yeye hakuwa amelia siku ya mazishi. Kulikuwa na wageni wa kupokea na maji ya kuchemsha, na baadaye kulikuwa na mashati, na alijiambia kwamba atalia siku ya nafasi. Kilio kile kilikuwa bado kizima, kimekaa mahali pake chini ya koo. Alifungua mdomo. Kilitoka bila sauti, kirefu, kama uzi unaovutwa kwenye pindo mpaka pindo lote linaachia.

Pasi zikapoa.

Mkono wa Radi ulipona, ukaacha kovu. Alianza tena kuruka akisikia honi. Gauni la mama alilitoa kwenye kapu, akalifua kwa mikono, akililia mpaka Fundi akatoka nje kujifanya anatafuta spana.

Sidii hawakuivunja. Haikuwezekana tena. Adhuhuri moja Fundi aliomba waipige, kwa sababu kupenda muziki ni ugonjwa, na walipofika wimbo wa mwisho alijifuta macho kwa kitambaa chenye grisi.

"Hii ndiyo albamu bora niliyowahi kusikia," alisema.

"Zima," Radi alisema. "Ni mbaya. Siwezi."

"Mbaya kwa lipi? Sindano, hebu amua."

Nyuma ya ngoma mwanamke alikuwa analia. Alianza chini, kama anayeogopa kuwaamsha wageni, kisha akaacha kuogopa. Dada alisikiliza huku akinyoosha mkono wa shati. Alitafuta kasoro kwa uaminifu wote, hakuiona.

"Imekamilika," alisema.

Wimbo ukaisha. Ndani ya spika mtu alishusha pumzi, polepole, kama aliyeshiba.

"Dada," Radi alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Huyo anayelia ni wewe."

"Najua."

"Basi lia. Kidogo tu. Nikuone."

Dada alisimamisha pasi. Alijaribu, ili kumridhisha, kama mtu anayejaribu kupiga chafya. Alimfikiria mama, mikono yake, sauti yake akiita wateja. Alisubiri. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kopo lake.

"Haiji," alisema. "Nipe hilo shati."