Salamu za Mzee Mhina

"Noah nyeusi, vioo vya giza. Imetoka Mkumbara, inaelekea Korogwe," Mkuu alisema kwenye kidude cha sikioni. "Unaiona?"

"Naiona."

"Nataka kompyuta ikiwa nzima. Na Nicolaus akiwa hai."

Shida alivuta mafuta.

Pikipiki ya kuazima, Boxer, ikanguruma, mashamba ya mkonge yakapita kushoto na kulia. Kiunoni alikuwa na Glock. Kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na damu ambayo hakutaka kuiangalia.

Damu ya baba yake.

Kwa wiki mbili Shida alikuwa akimfuatilia Nicolaus, dalali wa mtandao wa wageni wanaotorosha dhahabu ya Handeni. Asubuhi hiyo alinasa ujumbe wake: *Sauti iko tayari. Mzee Mhina anyamazishwe kabla ya saa saba.*

Alikimbia mpaka Masuguru, nyumbani kwa baba yake. Wapi! Alimkuta mzee sakafuni, ameshauawa, redio bado inaongea. Akamfunika shuka, akapanda pikipiki.

Miaka kumi na moja hawakuwa wameonana. Kazi ya ujasusi ilimtaka apotee, naye akapotea. Nyumbani waliambiwa kaenda Oman kufanya kazi za ndani, kisha hakusikika tena. Uongo mchafu, na karatasi ya kuukubali aliisaini mwenyewe.

Mzee Mhina hakuwa mwandishi wa habari. Alikuwa fundi baiskeli mwenye simu ya Tecno. Lakini kila Alhamisi saa saba mchana, kipindi cha *Sauti ya Jirani* kilipowafungulia wasikilizaji simu, alikuwa hewani: daraja limekatika, zahanati haina dawa, mbolea ya ruzuku imeyeyuka. Laini zikijaa, alituma sauti kwa WhatsApp. Mabwana wakubwa walimchukia. Wakulima na wafugaji walimwamini, na mara mbili maneno yake yaliwatuliza wakiwa wameshashika mapanga.

Ndiyo maana Nicolaus aliiba sauti yake.

Dhahabu ilikuwa chini ya malisho ya Wamasai. Alasiri hiyo mkutano wa kijiji ungepiga kura kuhusu malisho hayo. Kompyuta ya Nicolaus ilimeza rekodi za miaka ya simu za mzee redioni, ikatengeneza sauti yake ikisema wafugaji wametia sumu bwawa. Watu wangechinjana na ardhi ingebaki tupu. Mzee akiwa hai angekanusha.

Shida aliifikia Noah hiyo mtaa wa Old Korogwe, karibu na mto.

Risasi moja. Tairi la nyuma.

Noah ikaserereka, ikajikita mtaroni. Nicolaus akatoka na bastola, hakuwahi kuinyanyua. Shida alimvunja kifundo cha mkono, akamlaza kifudifudi, Glock shingoni.

"Niue basi," Nicolaus akacheka. "Nimeshaituma, dada. Dakika kumi zilizopita."

Kidole cha Shida kilikuwa kwenye kifyatulio. Haki ya Mungu, alitaka kukivuta.

"Akiwa hai," Mkuu alisema.

Akamfunga pingu kwenye mlango wa Noah.

Kwenye kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara, baba yake alikuwa anaongea redioni.

"...wametia sumu bwawa letu. Ndugu zangu, tusingoje serikali."

Kikohozi kilekile. Shida akavuka barabara mpaka kibandani.

"Mkuu, niruhusu nipige redioni."

"Hapana. Ukijitaja, umekwisha."

Akapiga hivyohivyo. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

Wasikilizaji walikuwa wamemtangulia.

"Mtangazaji, mimi Naitoi, mfugaji," mama mmoja alisema hewani. "Huyo siye Mzee Mhina. Mbona hajamsalimia Shida wake?"

Isihaka, mtangazaji, akapokea simu ya pili.

"Sharifu hapa, mkulima. Mama kasema kweli. Miaka yote mzee hamalizi bila kusema, 'Na mwanangu Shida, baba yako mzima, sema tu uko wapi.' Leo kasahau? Thubutu!"

Ya tatu. "Jabiri. Niko bwawani sasa hivi. Ng'ombe wanakunywa, na mimi nimekunywa. Picha natuma kwenye grupu."

Waliotengeneza ile sauti waliziacha salamu. Waliziona porojo za mzee.

"Jamani, tumeirusha bila kuhakiki. Kosa ni letu, tusameheni," Isihaka alisema. "Mlioko mkutanoni, wekeni mapanga chini. Na wewe Mzee Mhina, kama unatusikia, tupigie, baba."

Watu wa kibandani wakaisogelea redio. Muuza chipsi akaacha kugeuza viazi.

Shida alichomoa kidude sikioni, Mkuu akiwa bado anafoka. Akapiga. Safari hii ikaita.

"Haloo, Sauti ya Jirani. Nani mwenzetu?"

"Shida."

"Shida wa... wa Mzee Mhina?"

"Baba yangu wamemuua asubuhi hii, nyumbani kwake Masuguru. Aliyetuma ile sauti amekamatwa. Pigeni kura yenu kwa amani. Naomba kutuma salamu."

"Tuma, dada yangu." Isihaka alikuwa analia waziwazi.

"Shikamoo, baba. Niko Korogwe."

Akakata.

Polisi walipofika aliwakabidhi Nicolaus na kompyuta, bila jina wala maelezo. Akaivunja laini ya simu, akavaa miwani yake ya jua, akaiacha Boxer palepale na kushika njia ya Masuguru kwa miguu.

Hakukimbia. Hapakuwa na mtu wa kumuwahi tena.