Jina Lisilokuwemo Kitabuni

Siku walipokutana, ukumbi wa tiketi za treni ulikuwa umefurika watu hadi mlangoni. Kompyuta zilikuwa hazifanyi kazi na foleni haisogei. Mwalimu, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, alikuwa akijipenyeza mbele alipokanyaga waya mweusi sakafuni. Mwanamke aliyepiga magoti kando, ovaroli la buluu na kitambaa chekundu kichwani, akainua uso.

"Kaka, hicho unachokanyaga ndicho watu wote hawa wanachosubiri."

Mwalimu aliomba radhi mpaka akachekwa. Badala ya kuondoka, akachutama kumtazama mwanamke huyo, Fundi, akifanya kazi. Ndani ya waya mlikuwa na nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Fundi alizisafisha kwa spiriti, akazikata, akaziunga ncha kwa ncha kwa joto. Akamweleza kwamba humo haupiti umeme, unapita mwanga, na kule kuwaka na kuzimika kwake upesi ndiko kunakobeba ujumbe. Mwalimu akatoa daftari. Chuo chake kilikuwa kimemwagiza aandike kitabu cha maneno ya mtandao kwa Kiswahili, na miezi miwili ilikuwa imekatika bila ukurasa wa maana.

Tangu hapo wakawa wanaonana kila Jumamosi kwenye mgahawa wa jirani. Mwalimu analeta maelezo, Fundi anayakata kwa kalamu.

"Swichi inaunganisha kompyuta za jengo moja," alimwambia. "Ruta ndiyo inayojua njia ya kwenda mitandao mingine. Ukizichanganya tena, nahamia meza ile."

"Ukihama, nami nahama na kiti changu."

Simu za kuulizia neno moja zikawa ndefu hadi sikio linapata moto. Mapenzi yakaota humo humo katika kazi. Mwalimu aliahidi kwamba jina la Fundi litachapwa kitabuni pamoja na lake, naye Fundi akamwambia mama yake. Mama, mshonaji mstaafu, hakujua kusoma sana, ila jina la bintiye angelitambua hata likigeuzwa kichwa chini.

Kitabu kilipokaribia kuchapwa, mkuu wa chuo akasema jina la fundi wa mitaani litakishushia hadhi. Mwalimu alikuwa akingoja kupandishwa cheo. Akaitikia, wala hakumwambia mpenzi wake. Kila Jumamosi alijiapiza kwamba leo atasema, na kila Jumamosi ulimi ukawa mzito.

Fundi alikipata kitabu dukani, akampelekea mama yake bila kukifungua. Mama akavaa miwani, akageuza kurasa zote, akarudia, akarudia tena. Jioni Fundi akampigia Mwalimu simu.

"Walisahau?"

"Hawakusahau."

"Uliambiwa kabla?"

"Niliambiwa."

"Ukasemaje?"

"Nilikubali, mpenzi. Niliogopa."

"Basi usiniite hivyo tena."

Simu zote zilizofuata hazikupokelewa.

Mwalimu alipata cheo chake, lakini hakikumpa raha. Miaka miwili alimwandama mkuu wa chuo, akafika hadi kwenye bodi na kukiri kosa lake mbele ya wote, mpaka kitabu kikachapwa upya. Safari hii jina la Fundi lilitangulia lake. Akamtafuta, akamkuta kando ya barabara, kofia ngumu nyeupe kichwani, akisimamia vijana waliokuwa wakilaza nyaya mtaroni.

Fundi alifuta mikono, akakipokea. Alilisoma jina lake kwa muda mrefu.

"Mama alifariki mwaka jana," akasema.

Fundi akakifunga kitabu.

"Hakuwahi kukulaumu. Mpaka mwisho alikuwa akisema labda lipo, ila miwani yake ni mibovu."

Mwalimu akamwomba msamaha, akamwomba na nafasi nyingine. Fundi akamtazama bila hasira.

"Msamaha ulishapata zamani. Kurudi ndiko siwezi."

Akakitia kitabu kwenye mkoba wake wa vifaa, akashuka mtaroni alikoitwa.

Mwalimu akaenda darasani na macho mekundu. Mwanafunzi wa mbele akauliza huyu aliyetajwa kwanza kwenye jalada ni nani.

"Ndiye aliyenifundisha yote yaliyomo humu," akajibu, na ikambidi ageukie ubao.