Dawa za Genfu Siku za Mwaka Mpya

Kila asubuhi Qiaoling aliamka kabla ya baba yake, akachochea moto, akakoroga uji wa mahindi, kisha akampelekea baba yake tembe zake na kikombe cha maji ya moto. Baba huyo, jina lake Genfu, alizimeza huku akikunja uso, akilalamika kwamba zina ladha ya msumari. Hapo ndipo Qiaoling alipokunywa uji wake na kwenda shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama hakuwa naye. UKIMWI ulikuwa umemchukua zamani.

Hapa kijijini kwetu hakuna asiyejua ugonjwa huo uliingiaje. Wazazi wetu ujanani waliuza damu ili wajenge nyumba za matofali, na wanunuzi hawakujali usafi. Nyumba zilisimama, waliozijenga wakazikwa katikati ya mashamba ya ngano. Siku zile hata wauza tofu walitupita mbali. Daktari Shen ndiye aliyekuja kutoka mjini, akaketi nasi mezani, akachovya vijiti vyake vya kulia katika bakuli letu la mboga. Tangu hapo hakuacha kuja. Alitibu, akapima damu, akatafuta kwa nini dawa ilimsaidia huyu na kumkataa yule, mpaka akaota mvi.

Bibi, yaani mama yake Genfu, alimpenda mwanawe kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza. Kwetu watu huamini kwamba anayekunywa dawa Mwaka Mpya ameukaribisha ugonjwa, nao hautamtoka mpaka mwaka uishe. Basi kila mwaka Bibi alizifungia dawa kabatini mpaka sikukuu ya taa, siku ya kumi na tano, ipite. Zile ambazo hazikumezwa alizitupa motoni, ili Daktari akihesabu zilizobaki akute hesabu iko sawa. Genfu alitii. Alikuwa mtu mzima, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto tu.

Mwaka mmoja, baada ya sikukuu, Genfu alianza kukohoa na kukonda. Damu yake ilipopimwa, virusi vilikuwa vimejaa tele. Daktari Shen alikuja nyumbani, akavuta kigoda, akasema kuna jambo linamnyima usingizi: kila mwaka sikukuu zikipita wagonjwa wake wengi huzidiwa, naye hajui kama ni baridi, ni pombe, au dawa zenyewe ni mbovu. Akauliza kama kuna siku Genfu aliziacha. Bibi akajibu kwamba hajaacha hata siku moja. Genfu akaangalia miguu yake.

Qiaoling alikuwa pembeni akimenya vitunguu saumu. Bibi alikwisha kumwonya kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Tena shuleni wenzake walimwita Damu Mbaya, naye hakutaka kuiongezea familia yao aibu nyingine. Akaendelea kumenya. Daktari akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ngano ilipoanza kurefuka, Genfu hakuweza tena kushika bakuli. Siku moja Qiaoling alimlisha uji kwa kijiko, wote ukamtoka. Msichana akaweka kijiko chini, akakimbia mpaka zahanati, akamkuta Daktari Shen anapanga vichupa vya damu.

"Daktari, Bibi huzificha dawa za Baba Mwaka Mpya," alisema akihema. "Kila mwaka. Zinazobaki anazichoma."

Daktari aliketi. "Kwa nini, mwanangu?"

"Ili Baba asiugue mwaka mzima."

Daktari Shen aliziba uso kwa viganja. Miaka yote hiyo alikuwa amepima damu ya watu, hata maji ya visima vyao, lakini hakuwahi kuwauliza Mwaka Mpya wanauanzaje. Yeye mwenyewe sikukuu hizo alizilia kwao mjini. Siku ileile alimbadilishia Genfu dawa, maana virusi vilikwisha kuzizoea zile za kwanza. Ole wetu, zilichelewa. Genfu alifariki kabla ya mavuno.

Baada ya mazishi Qiaoling alimshika Daktari nguo, akalia, akamuuliza kama angesema mapema Baba angepona.

"Sijui," Daktari alisema. "Sitakudanganya, huenda angeishi. Lakini wewe ulifungwa mdomo na wakubwa, na mimi mkubwa sikuuliza. Usilibebe kosa hili peke yako. Kwa neno lako nimejua la kufanya kwa wengine."

Akaanza kuzunguka vijiji, nyumba hadi nyumba, akiuliza bila kumkaripia mtu. Nyingi zilikuwa na siri hiyohiyo. Aliwasihi waache, nao wakaitikia kwa adabu tu, huku wakinong'ona kwamba mtu wa mjini hajui mambo yao. Hata hivyo mwaka ulipokaribia kwisha hakwenda kwao. Alibaki nasi.

Asubuhi ya Mwaka Mpya Bibi alifanya jambo ambalo hatujapata kuliona. Kwetu mwenye msiba haingii kwa watu siku hiyo, kwa sababu anapeleka mkosi. Bibi alivaa nguo zake za msiba, akamshika Qiaoling mkono, akasimama kwenye lango la kila nyumba yenye mgonjwa. Wengine walimfungia. Mzee Changshun, jirani ambaye mkewe alikuwa mgonjwa, alimkabili.

"Wewe kikongwe una wazimu? Ondoka na mkosi wako."

"Mkosi niliuingiza nyumbani kwangu kwa mikono yangu," Bibi alisema. "Nilimnyima mwanangu dawa, nikamficha Daktari ukweli, nikadhani ndiyo mapenzi. Changshun, dawa haina sikukuu. Na mtoto akiona jambo linaloua na aseme, hata kama anayemkataza ni bibi yake. Mpe mkeo maji, ameze nikiona."

Mzee Changshun alimtazama Qiaoling, kisha akarudi ndani. Alitoka amemshika mkewe mkono, na mkono wa pili ameshika kikombe cha maji.