Hongera ya Mimba Isiyokuwepo

— Hongera, mdogo wangu! Ila na hali hiyo, nani kakuruhusu kubeba masanduku ya kamera?

Aliyeambiwa hivyo alikuwa amepiga magoti, akipima kwa tepu umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua ya mwigizaji. Kazini wote walimwita Fokasi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake: kuzungusha pete ya lenzi kila mwigizaji anaposogea, ili sura yake isiingie ukungu. Aliyeshika kamera ni mumewe. Aliyetoa hongera ni mtayarishaji wa filamu nyingine, mama mwenye sauti ya kengele, aliyepita tu kusalimia.

— Hali gani, dada?

— Usinifiche, bwana! Mumeo kaniambia una mimba, ndiyo maana umekataa kazi yangu. Nikasema haya, mtoto kwanza.

Fokasi akamgeukia mumewe. Mume akainama kufuta lenzi ambayo tayari ilikuwa safi.

Mwaka uliopita mimba yao ilitoka. Ni wao wawili tu waliojua, pamoja na mama mkwe.

— Jamani, tunarekodi! mwongozaji akapiga kelele.

Walirekodi. Mwigizaji akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na pete ikamfuata hatua kwa hatua. Mwongozaji aliposema "kata", Fokasi alimvuta mumewe shati hadi nyuma ya gari la vifaa.

— Nina mimba ya nani?

— Punguza sauti, watu wanasikia.

— Wasikie! Utangaze wewe, aibu nione mimi? Nina mimba ya nani?

— Ni mama, mke wangu. Anasema mizigo ya kazi hii ndiyo inakuharibu. Nikaona bora upumzike.

Fokasi alitoa simu, akampigia mama mkwe, akaweka sauti ya nje.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?

— Eti umesema niache kazi?

— Mimi? Mimi niliyemzaa huyo huku nashona nguo za watu mpaka siku ya uchungu? Nikukataze kwa kinywa kipi? Kasema nani?

Fokasi akamsogezea mumewe simu mdomoni.

— Yupo hapo, sivyo? Wewe baba, umenisingizia mama yako? Na ile mimba iliyotoka umeifanya mchezo? Nitakutafuta!

Mama akakata simu.

— Uongo wa kwanza umeshakwisha, Fokasi alisema. Sasa lete ukweli.

Mume alijifuta jasho.

— Yule mtayarishaji alikuulizia wewe. Wewe tu. Akasema mpiga picha anaye. Nikamwuliza, na mimi je? Akacheka. Mimi niliyekufundisha kushika kamera, leo nibaki nyumbani nikupungie mkono?

— Kwa hiyo ukaona bora unizalie mtoto mdomoni.

— Nilikosa la kusema.

— Ungesema wivu unakuuma! Tungegombana, tungenuniana, yangeisha. Lakini umekwenda kuchimbua kidonda changu ili ujifunike wewe!

— Nisamehe.

— Samahani yako itie mfukoni kwanza. Mfuate yule mama. Mwambie.

— Mbele za watu?

— Hongera nilipewa wapi, chumbani?

Alikwenda. Wafungaji taa waliacha nyaya, mpambaji akaacha brashi hewani. Mume alisema yote, macho chini, sauti ikikwama kila neno la pili. Mtayarishaji alimsikiliza mpaka mwisho.

— Mwanaume mzima! alisema, kisha akamgeukia Fokasi. Nisamehe na mimi, mdogo wangu. Nafasi haijapata mtu. Unaitaka?

— Naitaka.

Filamu ile iliisha wiki hiyohiyo, na Fokasi akasafiri. Kwenye filamu mpya alipewa mpiga picha mwingine, mtu wa miluzi tangu asubuhi. Jioni simu haikunyamaza kwa ujumbe wa mumewe.

"Nimekosa, mke wangu."

Hakujibu.

"Nyumba imepoa. Nimechemsha chai nikasahau kuweka majani."

Alitaka kucheka, akajizuia.

"Umekula?"

Hiyo aliijibu: "Nimeshiba hasira."

Siku ya mapumziko mlango wa chumba chake ukagongwa. Alikuwa mama mkwe, na nyuma yake mume, amebeba begi la mamaye kama mpagazi.

— Mwanangu, sikuja kukubembeleza, mama alisema. Nimekuja kukupa pole ya mjukuu wangu. Wakati ule nilikuambia "utapata mwingine", nikadhani nimekufariji. Nilikosea. Huyu nimekuja naye kama mzigo. Ukisema nirudi naye, narudi naye.

Fokasi alimkumbatia mkwewe, akalia begani pake. Kisha mama akatoka kukaa uani, akavuta mlango nyuma yake.

— Sikuja kujitetea, mume alisema.

— Vizuri, maana bado nina hasira.

— Najua.

— Hujui. Kaa chini.

Viti vilikuwepo, lakini alikaa sakafuni. Fokasi akaanza. Alisema jinsi mimba ilivyotoka wakiwa kwenye kazi ya watu, na mume huyohuyo akamwambia ajikaze. Alisema majina mawili aliyokuwa amemchagulia mtoto, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Alifoka mpaka sauti ikakauka. Yale majina mume aliyarudia polepole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

Alinyoosha mkono. Fokasi akauondoa.

Akaendelea kufoka, na katikati ya maneno akateremka, akakaa naye sakafuni, akautafuta mkono ule mwenyewe. Akaushika kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma, huku akimwambia tena, neno kwa neno, alichomfanyia.