Mlango wa Nyuma wa Kamera

Kila siku akitoka shule, Kidoti alivua sare, akaosha vyombo, akafagia veranda, kisha akasimama mbele ya kabati la bibi yake na kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho. Bibi alikijua kikohozi hicho. Alifungua droo akampa kamera aishike kidogo.

Ilikuwa kamera ndogo nyeusi ya mkanda. Mama aliiacha siku aliposafiri kwenda kufanya kazi ya uuguzi nchi ya mbali. "Mkanda haujaisha," alisema. "Malizieni picha zilizobaki, kisha mpelekeeni fundi azisafishe."

Picha zote za mama zilikuwa humo, kwa sababu simu iliyokuwa na nyingine iliibwa. Sauti ya mama ilikuja kila Jumapili kwa simu mpya ya bibi, ikikatikakatika, lakini uso wake ulikuwa umeanza kufifia kichwani mwa Kidoti. Jambo hilo lilimtia hofu, wala hakumwambia mtu.

Bibi alimfundisha pole pole. "Sogeza kifuniko hiki, lenzi ifumbue jicho. Gusa kitufe hiki nusu. Kitaa cha kijani kikiwaka, malizia kubonyeza. Namba hii inahesabu ulizopiga. Na hiki cha ubavuni usikiguse. Kinafungua mlango wa nyuma."

"Ukifunguka tutaona picha?"

"Ukifunguka tutakiona cha mtema kuni. Picha bado hazijaiva, mjukuu wangu. Mwanga ukiingia zinaungua."

Jumapili moja simu haikulia. Kidoti aliingoja mpaka chai yake ikapoa. Kesho yake, bibi alipokwenda kwa jirani, alichukua kamera, akafunga pazia la chumba na kujiambia kwamba giza lile linatosha. Akabonyeza kitufe cha ubavuni.

Hakuuona uso wa mama. Aliona utepe wa kahawia, mtupu. Akaufunga mlango haraka. Kamera ikanguruma, na namba ikarudi mwanzo.

Angeweza kunyamaza. Picha zikiharibika, lawama zingemwangukia fundi. Lakini bibi aliporudi, maneno yalimtoka yenyewe.

"Bibi, nimefungua mlango wa nyuma. Nilitaka kumwona mama."

Bibi aliketi. Hakugomba. "Mimi ndiye niliyemzaa," alisema. "Unadhani mimi sina hamu ya kumwona?"

Kidoti akalia. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu mwingine anayemngoja mama katika nyumba ile.

Walikwenda kwa fundi picha siku hiyo hiyo. Alisikiliza, akabonyeza kitundu cha chini kwa ncha ya kalamu, na kamera ikaurudisha mkanda ndani ya kopo lake. "Afadhali mmesema," alisema. "Wengine wakiona namba imerudi mwanzo hudhani kamera imekwama, wakafungua tena na tena. Picha za mwisho zimeungua. Za mwanzo zimo ndani, zimezungukwa na nyingine, huenda zimepona."

Waliporudi kuzichukua, picha za siku ya kuagana zilikuwa nyeupe, zote. Zilizopona zilikuwa chache. Katika moja, mama ameketi verandani akimsuka Kidoti, kitana mdomoni, macho yamejaa kicheko. Pembeni pana kivuli kinene.

"Hiki nacho ni nini?" fundi aliuliza.

"Kidole changu. Una maswali mengi," bibi alijibu, akifuta machozi.

Fundi aliwawekea mkanda mpya. Njiani bibi alimshika Kidoti mkono. "Hamu si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kuiacha ikutangulie. Ungesubiri, tungekuwa nazo zote. Na ungeficha, labda tusingekuwa hata na hii. Yashike yote mawili."

Walipofika, bibi aliketi verandani, picha ya mama kifuani. Kidoti alisogeza kifuniko, akagusa kitufe nusu, akangoja kitaa cha kijani, akabonyeza.

"Lete nijione," bibi alisema, akinyoosha mkono.

Kidoti alifunga kifuniko. "Subiri, bibi. Bado hujaiva."