Spika ya Kibandani

Siku walipokutana, mshona mapazia alikuwa na hasira mpaka kitambaa cha kichwani kimemkaa upande. Alikuwa amenunua chaja ya tatu katika mtaa ule wa maduka, na nayo ilichaji tu ukiukunja waya na kuushikilia.

"Kaka, na hii nilale nimeishika?" alimwuliza muuza kava wa kibanda cha kona, ingawa si yeye aliyemuuzia.

Kijana hakucheka. Alimsogezea kiti chake, akachomoa simu yake mwenyewe na kuchomeka ya mgeni. "Kaa kwanza, dada. Ukiwa na hasira hata chaja nzima haiingii."

Basi mshona mapazia akarudi kununua kava la simu, kisha kava jingine, maana la kwanza liliziba kamera. Mvua zilipoanza alikuwa anakuja bila shida yoyote ya simu, amevaa gauni la buluu alilolishona kwa ajili ya macho ya mtu mmoja, na kijana akimwita "mpenzi" wateja wasiposikia.

Jioni moja mshona mapazia alijaribu pale spika isiyo na waya kwa simu yake. Hakujua kwamba simu ikishaizoea spika, hujiunga nayo yenyewe ikikaribia. Kesho yake mchana, kibanda kimejaa watu, alikuja akifungua ujumbe wa sauti wa shangazi aliyemlea. Sikioni, kimya. Spika ndiyo iliyosema:

"Mwanangu, nimeshawakubalia. Mwenye duka la magodoro analeta posa Jumamosi. Usinitie aibu."

Mkono wa kijana ulibaki hewani na kava la mteja.

"Hongera," alisema, bila kumtazama. "Ungeniambia tu."

"Ndiyo kwanza nasikia sasa hivi. Pamoja na wewe."

"Mtu haposwi usingizini, dada."

Hilo "dada" ndilo lililomchoma. Akampigia shangazi palepale, sauti zikitokea spikani.

"Shikamoo, shangazi. Huyo wa magodoro mwambie hapana. Mimi nina wangu."

"Wako? Nani?"

"Muuza kava."

"Yuko wapi?"

"Mbele yangu. Anakusikia."

Kijana alifuta mikono kwenye suruali kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Unamtaka, au unamchezea?"

"Namtaka. Awe mke wangu, akikubali. Nilikuwa naogopa kusema."

Mshona mapazia alijishika mdomo. Neno hilo la mke hakuwahi kulisikia kwake, hata wakiwa wawili.

"Mjibu mwenzio, mwanangu. Usimwache amesimama hivyo."

"Nakubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya. Jumamosi uje wewe, baba, na wazee wako. Wa magodoro nitamwendea mwenyewe. Aibu hiyo niachieni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Wateja walikuwa wameduwaa, na wao wawili kuliko wote, wakitazamana kama watu waliofahamiana sasa hivi.