Kilo Kumi na Tisa za Karani Hamimu

Siku ya treni pale stesheni ya Kigoma kila mtu alikuwa na haraka yake, na haraka ya Dunia binti Kasongo ilikuwa magunia sita ya dagaa yaliyotakiwa kupanda behewa kabla ya saa kumi. Ilikuwa masika ya mwaka sabini na tano. Dunia alivaa kitenge cha njano, kilemba amekifunga juu kama wafungavyo wanawake wa Ujiji wenye asili ya Kongo, na viatu kavishika mkononi kwa ajili ya tope. Akaenda moja kwa moja hadi chumba cha vifurushi, akasukuma mlango bila hodi.

Juu ya mizani ya magunia alisimama karani. Alikuwa amevua viatu, amevua mkanda, hata kalamu kaiweka pembeni. Mwanaume mkubwa, mweusi wa kung'aa, kaunda suti ya kijivu imembana mpaka vifungo vinalalamika. Macho kayafumba.

"Kilo mia na ishirini na tisa," Dunia akasoma mshale kwa sauti. "Ndugu karani, mzigo huu unakwenda wapi? Mbona haujaandikwa jina?"

Karani alifumbua macho, akatafuta mkanda wake, akakosa.

"Bibie, huoni mtu ana shughuli?"

"Naona. Tena shughuli yenyewe kubwa!"

Alitazamia kufokewa. Badala yake yule bwana akacheka, kicheko cha chini kilichotikisa mizani hadi mshale ukachanganyikiwa. Dunia naye akacheka, na hapo, msiniulize kwa nini, akasahau magunia yake yote sita.

Karani huyo aliitwa Hamimu, Mha wa Kidahwe, umri miaka thelathini na miwili. Wapagazi walimwita Behewa. Aliwachekea, lakini kilichokuwa chini ya ile suti hakikuwa cha kuchekesha. Alikuwa na ngiri ya kitovu, uvimbe kama ngumi, na kila alipoinama ulimchoma. Daktari wa hospitali, Dokta Gaudensi, alimweleza bila kumung'unya maneno: bingwa wa upasuaji angekuja mwezi wa sita, na asingekuja tena mwaka ule. Kabla ya hapo Hamimu apungue mpaka kilo mia na kumi, kwa sababu mshono haushiki kwenye mafuta mengi. Na asijinyime akaja amelegea, kwa sababu kidonda hufungwa na chakula cha kujenga mwili. Chakula kimoja kwa siku. Asubuhi na jioni anywe tu, tena kinywaji chenye nguvu. Akishindwa, ngiri inaweza kukaza utumbo wakati wowote, na hapo hakuna kingine ila sanda.

Haya yote Hamimu alimweleza mwanamke asiyemjua hata jina, wakati magunia yakipimwa.

"Sasa unakunywa nini?" Dunia akauliza.

"Nimepewa maziwa ya unga. Yananuka chokaa. Nimepewa uji wa soya, nao una ladha ya maharage mabichi. Mayai mabichi ya kukoroga ndiyo usiseme. Namwaga, dada yangu. Namwaga halafu nakula ugali wa watu watatu."

"Toba! Yaani unataka kufa kwa sababu ya ladha?"

"Wewe hujaonja."

"Na wewe hujapikiwa," alisema Dunia. "Kesho saa moja uwe hapa. Na uvae huo mkanda."

Alikuja kweli, na chupa ya chai kwapani. Kila asubuhi kabla ya kwenda Rusimbi kwenye vichanja vya dagaa vya ushirika wao, Dunia alishuka stesheni. Kikombe cha kwanza kilikuwa maziwa yaliyotolewa siagi, na tangawizi. Hamimu akakunja uso. Cha pili soya aliyokaanga kwanza mpaka ikawa rangi ya dhahabu, ndipo akaisaga. Ile harufu ya ubichi ikatoweka, lakini karani akasema inamkwama kooni.

"Koo la bwana mkubwa!" Dunia akamkejeli. "Gunia la dagaa lingepita humo, uji haupiti?"

"Dagaa usinitajie. Nawapima siku sita kwa wiki, mpaka shuka zangu zinanuka. Siku ukiwaleta kikombeni, mimi na wewe basi."

Dunia akafuta kikombe. Alikuwa ameshakwenda kwa Dokta Gaudensi kuuliza ni kitu gani cha bei ya kawaida kinajenga mwili kuliko vyote, na daktari alimcheka: "Wewe muuza dagaa ndiye wa kuniuliza hilo?" Basi nyumbani akachambua dagaa, akatupa vichwa, akakaanga bila mafuta kwa moto mdogo, akatwanga, akachekecha kwa kitambaa mara mbili. Unga ukawa laini wa kupaka mtoto. Akauchanganya na soya, maziwa, ndizi mbivu moja, tangawizi na hiliki.

Asubuhi hiyo alivaa gauni la bluu. Akamimina, akaonja kwanza mbele ya macho ya Hamimu. Kule Kidahwe na hata Ujiji anayekupa kinywaji huonja kwanza. Ndiko kutoa sumu. Hamimu akapokea kikombe, akakizungusha, akatafuta mahali palepale ulipogusa mdomo wa Dunia, akanywea hapo. Akanywa mpaka chini.

"Hiki ni nini?"

"Kimepita au hakikupita?"

"Kimepita. Kinataka mwenzake."

"Basi usiulize jikoni kwa watu."

Mwezi wa nne ukaisha Hamimu akiwa kilo mia na kumi na nne. Suti ikaanza kumpwaya, naye akaanza kupiga simu ofisi ya kata ya Ujiji, ambako katibu alimwitia Dunia kwa hisani.

"Halo? Ni Behewa hapa."

"Behewa gani? La mizigo au la abiria?"

"La abiria mmoja tu, mpenzi."

"Hee! Umeanza lini kuniita mpenzi kwenye simu ya serikali?"

"Dakika tatu zimekwisha," sauti ya tatu ikaingilia. Huyo alikuwa Leonia wa mitamboni, aliyeunganisha simu zote za mji na kuzisikiliza nyingi. "Ila kaka, mjibu kwanza, nakuongezea moja."

Jumapili walitembea ufukweni, samaki wa kuoka kwa Dunia, chupa ya chai kwa Hamimu, wakataniana mpaka jua likazama upande wa Kongo. Walikuwa na furaha, basi; sina namna nyingine ya kulisema.

Mwanzoni mwa Mei, Hamimu akiinua kifurushi, ngiri ikabana. Akaanguka, jasho likimtoka, akatapika. Iliachia yenyewe baada ya saa nzima, lakini Dunia aliyaona macho yake siku hiyo. Akarudi nyumbani, akaweka nadhiri: atafunga kila mchana mpaka Hamimu alazwe mezani kwa bingwa. Hakumwambia mtu. Nadhiri, alivyofunzwa, ni siri ya mja na Mola wake, na aliogopa kwamba akiitoa nje itapungua thamani.

Kesho yake akaja na kikombe kama kawaida. Hakuonja.

Hamimu akaona, akanywa. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Feliksi, karani mwenzake aliyeketi meza ya tiketi, naye aliona, na mdomo wake haukuwa na pazia.

"Ndugu yangu, unakwisha. Umenyauka shingo. Mwanamke anakupa kitu hukijui, wala haonji tena, na wewe kutwa unamtaja yeye. Kwenu hamjui limbwata?"

"Acha upuuzi."

"Haya. Mwambie aonje basi."

Neno hilo likamkaa. Asubuhi, kikombe kilipomiminwa, Hamimu akakisukuma nyuma.

"Onja kwanza."

"Leo sionji."

"Kwa nini?"

"Sionji tu, Hamimu. Kunywa."

"Kuna nini humu ndani?"

Dunia akafungua mdomo, akaufunga. Siri alikuwa nazo mbili: moja ingemfanya asinywe tena, nyingine haikuwa ya kutolewa. Kimya hicho, masikini, kikamhukumu.

"Kumbe ni kweli," Hamimu akasema. "Umenitilia limbwata."

Akatoka, akamwaga kikombe chote kwenye reli. Dunia alitazama kinywaji kilivyozama katikati ya kokoto. Hakulia pale. Akafunga chupa yake, akakaza kilemba.

"Ningetaka mwanaume kwa dawa," alisema, "nisingechagua mwenye kilo zote hizo."

Akaondoka bila kugeuka.

Wiki mbili. Hamimu akarudi kwenye ugali wa watu watatu, halafu kwa hofu akaacha kula kabisa, halafu akarudi tena kwenye ugali. Simu hakupiga. Hata Feliksi alikoma kumtania, maana alimwona akiuangalia mlango kila siku ya treni. Magunia ya Ujiji yalikuja, lakini yaliletwa na wanawake wengine.

Dokta Gaudensi alipompima akatupa kalamu mezani.

"Umeongezeka kilo nne, na damu imeshuka. Zimebaki wiki tatu! Ulikuwa unakwenda vizuri, kwa nini umeacha kinywaji?"

Hamimu, kichwa chini, akasema lile neno. Limbwata.

Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Kisha akafungua jalada, akampa asome mwandiko wake mwenyewe wa mwezi wa nne: *Soya, maziwa, unga wa dagaa vijiko viwili. Nimeukubali. Mgonjwa asiambiwe, anachukia dagaa.*

"Dagaa?" Hamimu akanong'ona.

"Dagaa. Ndiyo limbwata lako. Mwanamke alitembea kutoka Ujiji mara tatu kuniuliza vipimo."

Hamimu hakungoja basi wala nini. Alikimbia, ndiyo, alikimbia na ngiri yake, mpaka ofisini, akanyakua simu.

"Leonia, nipe Ujiji. Nakuomba, dada yangu."

"Wewe! Nilidhani umekufa."

Katibu alikwenda kumwita. Dakika zilikuwa ndefu. Kisha ile sauti, kavu:

"Nani?"

"Dunia, nimejua ni dagaa. Nisamehe. Lakini niambie, maana nitachizi: kwa nini uliacha kuonja?"

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Dunia?"

"Nilikuwa nimefunga," alisema taratibu. "Tangu ile siku uliyoanguka. Niliweka nadhiri nifunge mpaka upasuliwe. Ningeonjaje asubuhi na mimi nimefunga?"

Hamimu akaketi chini, sakafuni, waya wa simu umenyooka.

"Na hizi wiki mbili?"

"Hata leo nimefunga."

"Baada ya yote niliyokufanyia?"

"Nadhiri ilikuwa ya uzima wako, Hamimu. Haikuwa ya adabu zako."

Kwenye simu ikasikika kamasi ikivutwa. Haikuwa ya mmoja wao.

"Kaka," Leonia akasema kwa sauti iliyojaa machozi, "omba radhi vizuri. Leo sihesabu dakika."

Akaomba vizuri. Alilia, na hakuona haya. Alisema hakustahili hata unga uliobaki kwenye chekecheo. Dunia alimwacha aseme yote, kwa kuwa yeye naye alikuwa na uchungu wake, kisha akauliza: "Umeongezeka kiasi gani?"

"Kilo nne."

"Ebo! Kesho saa moja. Na huo ugali wa watu watatu, wa leo uwe wa mwisho."

Kesho yake Hamimu alikunywa huku akijua, akafumba macho, akameza. Akadai kwamba ladha ya dagaa alikuwa akiisikia tangu zamani. Dunia akamwambia ni mwongo.

Wiki tatu hizo alikunywa asubuhi na jioni bila kukosa, mchana akala maharage na mboga, akatembea kwa miguu hadi Ujiji na kurudi. Siku bingwa aliposhuka kwenye treni, Hamimu alipimwa hospitali mbele ya wauguzi wanne: kilo mia na kumi kamili. Damu safi. Feliksi, aliyekuja na aibu yake na kuku mmoja, alipiga makofi peke yake.

Lakini asubuhi ya upasuaji mvua isiyo ya msimu ilikata barabara ya Kasulu, na ndugu za Hamimu wakakwama Kidahwe. Muuguzi alisimama kando ya kitanda na karatasi.

"Ndugu wa karibu atie sahihi."

Hamimu, katika shuka nyeupe, alimwelekeza Dunia kwa kidevu. Dunia alivaa kitenge chake cha harusi za watu, chekundu chenye dhahabu, ili asionekane anaogopa.

"Huyu. Andika mke."

"Mke?" Dunia akaweka mkono kiunoni. "Mke wa nani? Nani amenichumbia? Nimeletewa barua na nani?"

"Dunia, bingwa anangoja."

"Na angoje! Mimi binti wa Mzee Kasongo sitiwi kwenye karatasi ya hospitali kama kifurushi."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakajiinua kwa viwiko kusikiliza. Hamimu akaushika mkono wake. Kiganja cha Hamimu kilikuwa cha baridi, na hapo Dunia akaelewa kwamba nyuma ya utani wote ule mwanaume huyu alikuwa na hofu kubwa.

"Basi nakuomba hapa, mbele ya hawa," alisema. "Barua itafuata, wazee watafuata, lakini mimi mwenyewe nakuomba. Nikitoka huko ndani niwe mume wako. Utakubali?"

Wodi nzima ikangoja. Muuguzi akangoja. Dunia alichukua kalamu, akaandika *rafiki*, akatia sahihi. Kisha akainama karibu na sikio lake, machozi yakimshuka bila ruhusa.

"Jibu ninalo," alisema. "Nitakupa ukiamka. Kwa hiyo uamke, unanisikia? Usinidhulumu jibu langu."

Wakamsukuma. Kwa muda wa saa mbili na nusu Dunia alikaa kwenye benchi la korido, na nadhiri yake ilikwisha lakini hakuna aliyeweza kumfanya anywe hata maji. Dokta Gaudensi alipotoka, kofia mkononi, alimwambia mshono umeshika, na kwamba kwa wiki mbili bwana yule atakunywa tu, asile kitu kigumu.

Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye miguu ya kitanda Hamimu alipofungua jicho moja, halafu la pili. Midomo ilikuwa imekauka. Alitafuta, akampata, na kwa sauti isiyozidi pumzi akasema:

"Haya. Nimeamka."

"Nami nimekubali," alisema Dunia, na wodi nzima ikapiga vigelegele.